Tezi ya Pituitari na Ujauzito: Ni Lini Upasuaji Hauepukiki?

Tuchukue mfano wa mama mmoja aliye katika mwezi wa tano wa ujauzito. Kwa muda wa majuma mawili amekuwa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, hasa nyuma ya macho, na vidonge vya kawaida havimpi nafuu. Jamaa zake wanamtuliza kwa kumwambia kwamba hayo ni mambo ya mimba na yatapita. Lakini sasa limezuka jambo jingine. Anapopita mlangoni bega lake hugonga mwimo, na anapotaka kuvuka barabara haioni baiskeli inayotoka ubavuni mpaka imemfikia. Vitu vilivyo mbele yake anaviona vizuri. Vilivyo pembeni, kushoto na kulia, vimefifia.

Mama huyu hana ugonjwa wa macho. Chanzo cha taabu yake ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ambayo ndani yake mna uvimbe unaokua. Asipotibiwa anaweza kupofuka. Na tiba mojawapo iliyopo ni upasuaji wa kichwa, kwa mtu ambaye tumboni mwake mna uhai wa pili.

Katika makala haya tutaeleza kazi ya tezi hii, mabadiliko inayoyapata wakati wa ujauzito, magonjwa yanayoweza kuifanya ihitaji kupasuliwa, na jinsi upasuaji huo unavyofanywa. Jambo kuu tutakaloliona ni kwamba upasuaji wa namna hii ni wa nadra sana, na kwamba sehemu kubwa ya ustadi wa madaktari imo katika kujua wakati wa kungoja na wakati wa kutongoja.

TEZI YENYE UKUBWA WA MBAAZI

Tezi ya pituitari hulingana na punje ya mbaazi, na uzito wake ni kama nusu gramu. Imekaa ndani ya kishimo cha mfupa uitwao sfenoidi, katikati ya kichwa, nyuma ya mwisho wa matundu ya pua. Wataalamu wa zamani walikifananisha kishimo hicho na tandiko la farasi la Kituruki, kwa sababu kimeinuka mbele na nyuma. Kushoto na kulia kwake hupita ateri mbili kubwa zinazopeleka damu kwenye ubongo. Juu yake, kwa umbali wa sentimita moja hivi, neva mbili zitokazo machoni hukutana na kupishana. Kwa hiyo tezi hii haina nafasi ya kutanuka. Chini yake ni mfupa. Uvimbe ukiota ndani yake, aghalabu huelekea juu, penye neva za macho.

Ijapokuwa ni ndogo, kazi zake ni nyingi. Sehemu ya mbele hutoa homoni sita kuu: homoni ya ukuaji, prolaktini, ambayo huyaandaa matiti kutoa maziwa, homoni inayoamsha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, homoni inayoamsha tezi za adrenali zilizo juu ya mafigo, ili zitoe kortisoli, na homoni mbili zinazoongoza ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Sehemu ya nyuma huhifadhi na kutoa homoni mbili zinazotengenezwa katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Moja ni oksitosini, ambayo hukaza misuli ya mji wa mimba wakati wa kujifungua, na ya pili ni vasopresini, ambayo huyazuia mafigo yasipoteze maji ovyo.

Wanafunzi wa biolojia wanajua kwamba homoni hizi hazitoki bila ya mpango. Kiasi cha kortisoli kinapopanda katika damu, habari hurudi kwenye haipothalamasi na pituitari, nazo hupunguza amri zao. Kinaposhuka, amri huongezwa. Mfano wake ni mpishi anayetazama chungu juu ya mafiga. Chungu kikitaka kufurika huvuta kuni nje, na kikianza kupoa husukuma kuni ndani. Uvimbe wa pituitari unaotoa homoni ni kama kuni zisizomsikiliza mpishi: chungu kinafurika, naye anavuta, lakini moto unaendelea kuwaka.

Inafaa kusisitiza hapa kwamba karibu uvimbe wote wa namna hii si saratani. Hausambai mwilini. Madhara yake hutokea kwa njia mbili tu: ama unatoa homoni kupita kiasi, ama unakua na kubana vilivyo jirani yake. Wataalamu huugawa kwa ukubwa. Ulio chini ya milimita 10 huhesabiwa kuwa mdogo, na uliofika milimita 10 au kuzidi huhesabiwa kuwa mkubwa. Mgawanyo huu, kama tutakavyoona, una maana kubwa kwa mwanamke anayetaka kuzaa.

UJAUZITO HUIBADILI TEZI YENYEWE

Hata kwa mama mwenye afya kamili, pituitari haibaki kama ilivyokuwa. Kondo la nyuma hutoa homoni ya estrojeni kwa wingi, na estrojeni huzichochea seli zinazotengeneza prolaktini zikue na kuongezeka. Kwa sababu hiyo ukubwa wa tezi huongezeka kwa theluthi moja au zaidi, na kiasi cha prolaktini katika damu hupanda mpaka karibu mara kumi ya kawaida mimba inapotimia. Maziwa hayatoki kwa wingi kabla ya kujifungua kwa kuwa homoni za kondo la nyuma huyazuia. Kondo likishatoka, kizuizi huondoka.

Tezi iliyokua hivyo huhitaji damu nyingi. Mwaka 1937 mtaalamu wa Uingereza, Harold Sheehan, alieleza jinsi mama anayetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua anavyoweza kupata kifo cha seli za pituitari kwa kukosa damu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka kabisa. Baadaye hedhi hairudi, na uchovu haumwachi. Ugonjwa huo, ambao sasa huitwa kwa jina lake, hautibiwi kwa kisu bali kwa kurudishiwa homoni zilizokosekana. Tumeutaja ili msomaji aone kwamba ujauzito ni kipindi cha majaribio kwa tezi hii. Ikiwa tezi nzima hupata taabu, basi tezi yenye uvimbe ndani yake iko katika hatari zaidi.

MAGONJWA MATATU YA KUZIDI KWA HOMONI

Ugonjwa wa kwanza, nao ndio unaoonekana mara nyingi kuliko mingine, ni uvimbe unaotoa prolaktini. Prolaktini ikizidi, ubongo hupunguza amri zinazoziamsha ovari. Hedhi hukatika, yai halipevuki, na pengine maziwa hutoka kwa mwanamke ambaye hajazaa. Mwanamke huyo huolewa, miaka hupita, na majirani humwita tasa. Hayo ndiyo yaliyompata mama wa mfano wetu kabla ya kushika mimba.

Zamani hapakuwa na njia ya kuutambua ugonjwa huu kwa hakika. Ilikuwa katika mwaka 1970 na 1971 tu ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba binadamu ana prolaktini iliyo mbali na homoni ya ukuaji, na wakaweza kuipima. Wakati huohuo dawa iitwayo bromokriptini, iliyotengenezwa na kampuni ya Sandoz ya Uswisi kutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka, ilianza kutumiwa. Dawa hii huiga kazi ya dopamini, ambayo ndiyo breki ya asili ya prolaktini. Baadaye ilifuata kabergolini, inayofanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Kwa wagonjwa wengi dawa hizi hushusha prolaktini, huufanya uvimbe usinyae, na hurudisha hedhi. Wengine hushika mimba hata kabla ya kuiona hedhi ya kwanza.

Lakini hapo ndipo panapozuka tatizo. Mimba ikishathibitishwa, kwa kawaida dawa husimamishwa ili mtoto asiendelee kuipokea bila ya sababu. Uvimbe huachwa bila breki, na papo hapo estrojeni ya kondo la nyuma huuchochea ukue. Tiba iliyompa mama mimba imempeleka kwenye kipindi ambacho ugonjwa wake unaweza kuongezeka nguvu.

Hatari hiyo si sawa kwa wote. Kumbukumbu zilizokusanywa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba wenye uvimbe mdogo, karibu 2 au 3 tu katika kila 100 hupata dalili za kukua kwake wakati wa ujauzito. Wenye uvimbe mkubwa ambao haukuwahi kupasuliwa wala kupigwa mionzi, kiasi cha 20 katika kila 100 hupata dalili hizo. Waliotibiwa kwa upasuaji au mionzi kabla ya kushika mimba, idadi hushuka hadi 5 hivi. Kwa hiyo mwanamke mwenye uvimbe mkubwa hushauriwa azungumze na daktari kabla ya kutafuta mimba. Huenda upasuaji uliofanywa mapema ukamwepusha na upasuaji wa dharura baadaye.

Ugonjwa wa pili ni ule wa Cushing, uliopewa jina la daktari wa Marekani, Harvey Cushing, aliyeuhusisha na pituitari katika maandishi yake ya mwaka 1932. Hapa uvimbe, ambao mara nyingi ni mdogo mno, huziamrisha adrenali zitoe kortisoli bila kikomo. Uso huwa wa mviringo, tumbo hunenepa huku mikono na miguu ikikonda, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka, mifupa hudhoofika, na mwili hushindwa kupambana na maradhi. Kwa kawaida wanawake wenye ugonjwa huu hawashiki mimba kwa urahisi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyohusu kuzidi kwa kortisoli kwa sababu mbalimbali, yalikusanya mimba 263 tu kutoka katika maandishi ya kitabibu ya dunia nzima.

Uchache huo usitufanye tuudharau ugonjwa wenyewe. Katika mapitio hayo, wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa bado ukiendelea walipoteza karibu mimba moja katika kila nne, ilhali waliokwisha kupona walipoteza chini ya moja katika kila kumi. Kuutambua pia ni kazi ngumu, kwa kuwa kunenepa, michirizi ya ngozi na kupanda kwa shinikizo la damu huonekana hata kwa wajawazito wasio na ugonjwa huu. Daktari huangalia alama zilizo za pekee: michirizi mipana yenye rangi ya zambarau, ngozi inayovilia damu kwa kuguswa kidogo tu, na misuli ya mapaja iliyodhoofika hata mgonjwa akashindwa kuinuka kutoka katika kigoda. Isitoshe, katika ujauzito chanzo cha kuzidi kwa kortisoli huwa katika adrenali zenyewe mara nyingi kuliko ilivyo kwa wagonjwa wengine. Hapana budi kuhakikisha kwanza ni tezi ipi yenye kosa, kabla ya kushika kisu.

Ugonjwa wa tatu hutokana na kuzidi kwa homoni ya ukuaji. Mfaransa Pierre Marie aliueleza na kuupa jina la akromegali mwaka 1886. Viganja, nyayo, taya na pua hukua polepole kwa mtu mzima. Wajawazito wenye ugonjwa huu kwa kawaida huweza kuangaliwa tu mpaka wajifungue, isipokuwa kama uvimbe unabana neva za macho.

KWA NINI PEMBENI HUFIFIA

Sasa turudi kwa mama wetu na mwimo wa mlango. Katika kila jicho, nusu ya retina iliyo upande wa pua hupokea mwanga unaotoka upande wa sikio. Nyuzi za neva zitokazo katika nusu hizo mbili za ndani ndizo zinazopishana juu ya pituitari. Zile za nusu za nje hupita kandokando bila kupishana. Uvimbe unaopanda kutoka chini hubana katikati ya makutano, yaani hubana nyuzi zinazopishana. Matokeo yake ni kwamba macho yote mawili hupoteza upande wa nje. Mtu akiweka viganja vyake pembeni mwa macho na kutazama mbele, ataelewa hali ya mgonjwa huyu.

Jaribio hili linaweza kufanywa darasani. Wanafunzi wawili waketi wakitazamana kwa umbali wa mita moja. Mmoja afunike jicho la kulia, na mwenzake afunike la kushoto, kila mmoja akilitazama jicho la mwenziwe lililo wazi. Mmoja anyooshe mkono kando, katikati ya umbali uliopo baina yao, kisha asogeze kidole polepole kuelekea ndani. Kwa kawaida wote wawili watakiona kidole karibu kwa wakati mmoja. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe huu, kidole huchelewa sana kuonekana. Hospitalini kazi hii hufanywa kwa mashine maalumu, na mjamzito mwenye uvimbe mkubwa hupimwa hivyo mara kwa mara mpaka ajifungue. Kupima prolaktini hakumsaidii, kwa kuwa katika ujauzito hupanda kwa kila mama.

MASWALI KABLA YA KISU

Mbele ya mgonjwa kama huyu, madaktari hujiuliza maswali matatu kwa mfuatano.

La kwanza: Je, uvimbe unatishia nini? Ikiwa hakuna dalili, jibu ni kungoja na kuchunguza. Ikiwa kuna maumivu ya kichwa au macho yanafifia, picha ya kichwa hupigwa kwa mashine ya sumaku, ambayo haitumii mionzi ya eksirei. Dawa ya kung'arisha picha, ambayo wagonjwa wengine hudungwa kwenye mshipa, huepukwa kwa mjamzito.

La pili: Je, dawa inatosha? Kwa uvimbe wa prolaktini, bromokriptini au kabergolini hurudishwa. Bromokriptini imechunguzwa katika mimba zaidi ya 6,000, na haikuonekana kuongeza kasoro za kuzaliwa. Mara nyingi uvimbe huanza kusinyaa, na upasuaji hauhitajiki tena. Kwa ugonjwa wa Cushing zipo dawa za kupunguza kortisoli, lakini haziuondoi uvimbe.

La tatu: Je, tunaweza kungoja mpaka mtoto azaliwe? Mimba iliyokaribia kutimia huweza kumalizwa kwa kumzalisha mama kwanza, kisha uvimbe ukashughulikiwa.

Upasuaji wakati wa ujauzito huja pale tu maswali yote matatu yanapojibiwa vibaya: macho yanazidi kufifia ijapokuwa dawa inatumiwa, au kortisoli inahatarisha maisha ya mama na mtoto, na bado miezi ni mingi, au damu imevuja ghafla ndani ya uvimbe. Hali hiyo ya mwisho ni ya dharura. Kichwa huuma ghafla kwa ukali usio na mfano, mgonjwa hutapika, macho huona viwili viwili au hupoteza nuru, na shinikizo la damu huweza kuporomoka kwa kukosa kortisoli. Kitu cha kwanza anachopewa ni haidrokotisoni kwa njia ya mshipa. Kisu hufuata ikiwa macho au fahamu zinaendelea kupotea.

Panapokuwa na nafasi ya kuchagua, miezi ya nne, ya tano na ya sita ndiyo hupendelewa. Katika miezi mitatu ya kwanza viungo vya mtoto vinaumbika, na mimba huharibika kwa urahisi zaidi. Katika miezi mitatu ya mwisho mji wa mimba ni mkubwa, na upasuaji huweza kuchochea uchungu kabla ya wakati.

NJIA YA PUANI

Msomaji huenda akadhani kwamba fuvu hupasuliwa. Zamani ilikuwa hivyo, na hata leo hufanyika kwa uvimbe wa umbo lisilo la kawaida. Lakini kwa wagonjwa wengi njia ni ya pua. Hermann Schloffer wa Innsbruck, Austria, aliifuata mwaka 1907. Cushing naye, baina ya mwaka 1910 na 1925, aliitumia kwa wagonjwa 231, na waliofariki walikuwa asilimia 5.6, idadi ndogo sana kwa wakati ambao viuavijasumu havikuwapo. Hata hivyo baadaye aliiacha na kurudia kufungua fuvu, na wengi wakamfuata. Norman Dott wa Edinburgh, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliishikilia na kuiongezea taa. Kutoka kwake Gérard Guiot wa Paris alijifunza, na kutoka kwa Guiot alijifunza Jules Hardy wa Montreal, Kanada. Katika miaka ya 1960 Hardy aliingiza hadubini katika chumba cha upasuaji, akaonyesha kwamba uvimbe wa milimita chache huweza kuondolewa na tezi iliyo nzima ikaachwa. Tangu miaka ya 1990 madaktari wengi hutumia endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye taa na kamera.

Mgonjwa akishalazwa usingizi, vyombo hupitishwa katika tundu la pua mpaka kwenye uwazi wenye hewa ulio ndani ya mfupa wa sfenoidi. Ukuta mwembamba wa kile kishimo hufunguliwa, utando huchanwa, na uvimbe, ambao aghalabu ni laini, hukwanguliwa na kufyonzwa. Mwishoni tundu huzibwa, pengine kwa kipande kidogo cha mafuta kilichotolewa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, ili maji yanayouzunguka ubongo yasivuje puani.

WAGONJWA WAWILI JUU YA MEZA MOJA

Kwa mjamzito, kila hatua ya kazi hiyo huwa na sharti lake. Mishipa midogo ya pua imejaa damu kwa sababu ya ujauzito, kwa hiyo hutoka damu upesi. Dawa za kuikaza hutumiwa kwa hadhari, zisije zikakaza na mishipa ya mji wa mimba. Mama hutumia oksijeni zaidi kuliko kawaida na akiba yake ni ndogo. Usingizi wake huhitaji mtaalamu asiyekawia kuweka mrija wa pumzi. Tangu juma la 20 hivi, mama akilazwa chali mji wa mimba huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kwa hiyo huinamishwa kidogo kuelekea kushoto. Shinikizo la damu yake haliruhusiwi kushuka, kwa sababu damu inayofika kwenye kondo hutegemea shinikizo hilo. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kabla na baada ya upasuaji, na mimba ikiwa imekua vya kutosha huweza kufuatiliwa wakati wote.

Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Huhitaji daktari wa upasuaji wa ubongo, wa homoni, wa uzazi, wa usingizi, wa macho na wa watoto wachanga, wote mahali pamoja.

BAADA YA UPASUAJI

Siku chache za mwanzo huangaliwa mambo mawili hasa. La kwanza ni maji. Sehemu ya nyuma ya tezi ikiguswa, vasopresini huweza kupungua, na mgonjwa hukojoa lita nyingi na kushikwa na kiu. Kondo la nyuma huzidisha tatizo, kwa kuwa hutoa kimeng'enya kinachoiharibu vasopresini. Dawa ya desmopresini, ambayo kimeng'enya hicho hakiiharibu kwa urahisi, ndiyo hutumiwa. La pili ni kortisoli. Aliyeondolewa uvimbe wa Cushing hukosa kortisoli ya kutosha kwa miezi mingi, kwa kuwa seli zake zilizo nzima zilikuwa zimelala. Hupewa haidrokotisoni, na hapo kondo humhifadhi mtoto: lina kimeng'enya kinachoibadilisha sehemu kubwa ya dawa hiyo isifike kwake ikiwa na nguvu.

Nuru ya macho, ikiwa haikucheleweshwa mno, mara nyingi hurudi, kwa wengine ndani ya siku chache. Wengi huendelea na mimba mpaka kujifungua. Mama mwenye uvimbe wa prolaktini anaweza kunyonyesha, maana haikuonekana kwamba kunyonya kwa mtoto huukuza uvimbe. Na kwa baadhi ya wanawake, baada ya mimba kwisha, prolaktini hushuka yenyewe na dawa haihitajiki tena.

MWISHO

Tumeona kwamba upasuaji wa pituitari katika ujauzito ni wa nadra, na kwamba wagonjwa wengi huvuka miezi tisa kwa uangalizi na dawa peke yake. Lakini uangalizi hauwezi kuanza ikiwa mgonjwa hajafika hospitali. Mwalimu aliyewaeleza wanafunzi wake maana ya hedhi iliyokatika bila mimba, ya maziwa yatokayo kwa asiyezaa, na ya macho yanayopoteza pembeni, ametayarisha watu watakaowapeleka dada zao na wake zao kwa daktari mapema. Mama wa mfano wetu aliambiwa kwamba ni mambo ya mimba na yatapita. Maumivu mengi ya ujauzito hupita kweli. Lakini mjamzito anayegonga mwimo wa mlango kwa kutouona, huyo asingojeshwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.